Watu wa chuo kikuu wakija kumpima mzee wako: jinsi ya kujitayarisha, na jinsi ya kuendelea wenyewe wakishaondoka

Siku ya kwanza kabisa tulipobisha mlango kule Kuze mama mmoja alichungulia dirishani akauliza nyinyi kina nani, mwenzangu akajibu "sisi watu wa chuo", mama akashuka na shilingi hamsini mkononi, kumbe amedhani tunachangisha madrasa. Mombasa ukisema chuo ni chuo cha Qur'ani, hicho kingine lazima uongeze "kikuu" na useme kwa sauti.

Kazi hiyo nimeifanya miaka miwili, kukusanya data za utafiti wa uzee, Mji wa Kale, Majengo, nikivuka ferry kwenda Likoni na Mtongwe, begi mgongoni lina mashine ya presha, mzani, futi ya kamba, stopwochi na fomu kurasa thelathini na kitu. Na karibu kila nyumba nilikuta jambo moja, mzee yuko tayari kuliko watoto wake. Watoto ndio hawajui waulize nini, wasaini nini, wakae wapi, na tukishaondoka hawajui wafanye nini na ile karatasi tuliyowaachia. Bas hii nawaandikia nyinyi, watoto na wajukuu.

Kwanza jua wanatafuta nini. Chukua wazee wawili wa baraza moja, wote miaka 78, wamekua pamoja, mmoja anapanda ngazi za msikiti na stori haijakatika mdomoni, bao hafungwi, mwengine hajui leo Ijumaa ama Jumatatu na akienda msalani lazima ashikwe mkono. Miaka ni ile ile. Nini kimewatenganisha? Ndio swali lote hilo, uzee wa salama ni upi na ule wenye ugonjwa ndani yake unaanzia wapi, manake huku kwetu vyote viwili tunaviita jina moja, "uzee tu huo". Mgonjwa aliyefanya ugonjwa wa Alzheimer, ule unaokula kumbukumbu, ujulikane duniani alikuwa mwanamke wa miaka 51, daktari Alois Alzheimer alimuona hospitali ya Frankfurt huko Ujerumani mwaka 1901, akafariki 1906 na ubongo wake ukatazamwa kwa hadubini. Miaka 51 sio uzee, hata Inua Jamii, zile pesa za serikali za wazee, hupati.

Na jibu halipatikani kwa kumpima mtu mara moja. Ndio maana tafiti kubwa zinamfuata mtu yule yule miaka na miaka, ule wa Baltimore Marekani ulianza 1958 na bado unaenda, na hapa jirani Kilifi, upande wa Kaloleni na Rabai, Aga Khan University na University of Michigan walianzisha majaribio ya utafiti wa namna hiyo, unaitwa LOSHAK. Kipimo cha mzee ni mzee mwenyewe wa mwaka jana. Lishike hili, ntalirudia huko chini manake ndilo lililonifanya niandike.

Watu hushangaa mbona wanakuja wengi, daktari, fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo), mtu wa lishe, wa macho, wa saikolojia, wa takwimu, hadi wa sosholojia, yani kwa bibi mmoja? Ntakupa mfano. Nyumba moja Mji wa Kale bibi alikuwa ameanguka mara mbili ndani ya miezi mitatu. Daktari akatazama dawa zake, akampima presha amekaa halafu amesimama, akisimama inaporomoka. Fizio akaona kiti hainuki bila kushika kitu. Mtu wa lishe akauliza anakula nini, asubuhi chai na hamri moja, mchana wali na mchuzi lakini nyama hagusi, meno hakuna. Wa macho akakuta mtoto wa jicho. Halafu yule dada wa sosholojia, tuliyekuwa tukimtania kwamba yeye hapimi kitu, akauliza choo kiko wapi. Choo kiko chini, bibi analala ghorofani, ngazi zenyewe zile za zamani ni kama unapanda mnazi, taa imekufa, na mjukuu aliyekuwa akimshika mkono usiku ameenda Ghuba kutafuta kazi. Ukimuuliza daktari peke yake atakwambia presha, ukimuuliza fizio atakwambia miguu, na kila mmoja hajasema uongo. Kitanda kilishushwa chini siku ile ile, kabla hata ya kliniki kumpunguzia dozi.

Haya, wakibisha mlango wako. Usianze kueleza magonjwa ya mtu kabla hujaona karatasi. Utafiti wowote wa halali Kenya unakuwa na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, na idhini ya kamati ya maadili ya utafiti, na kwenye fomu ya idhini kuna namba ya simu ya hiyo kamati, ipige pale pale mbele yao, mtu mkweli hatakasirika. Mara nyingi wanakuja na mhudumu wa afya wa mtaa ambaye unamjua kwa sura, wakija bila yeye mpigie yeye. Na mtafiti akikuomba hata shilingi mia ya "kusajili", funga mlango, utafiti haulipishi mtu, kinyume chake mkiitwa kwenda kliniki kwa kawaida wao ndio hurudisha nauli.

Fomu isomwe kwa lugha anayoisikia mzee, Kiswahili, Kidigo, Kigiriama, Kibajuni, chochote kile, na isisomwe mbio kama dua ya safari. Kama hajui kuandika anaweka dole gumba mbele ya shahidi ambaye sio mtu wao. Hapa watoto huharibu sana, wanamsainia baba yao mwenye akili zake timamu amekaa pale pale anawatazama. Huna haki hiyo. Hata mzee ambaye akili imeanza kupotea na mwengine anasaini kwa niaba yake bado anaulizwa, na akisema hataki, hataki, na akitaka kutoka katikati anatoka, matibabu yake ya kawaida hayaguswi.

Ulizeni damu inaenda maabara gani, itakaa miaka mingapi, itatoka nje ya nchi ama la, jina lake litafichwa vipi (kuna sheria ya ulinzi wa data ya 2019, iko upande wenu). Ulizeni, "mkikuta jambo baya mtatuambia lini, na nani atapiga simu?" Hili la mwisho mlitilie mkazo, manake projekti yangu ya kwanza iliahidi kila nyumba majibu na hadi kesho hayajafika, wakubwa wetu wakafunga ofisi sisi wadogo tukabaki kukutana na wazee Marikiti, mara ngapi mimi nimejificha nyuma ya magunia ya viazi wallahi. Ahadi ya majibu iwe kwenye fomu, sio mdomoni.

Na mzee aelezwe mapema kwamba utafiti sio matibabu na sio Inua Jamii. Wengi wakiona fomu na kipande (kitambulisho) vinaulizwa pamoja wanadhani ni zile shilingi 2,000 za mwezi za walio 70 kwenda juu, wanajibu kimaskini ili wasikose, mtu anakula samaki kila siku anasema analala njaa. Data inakuwa takataka na yeye hapati kitu.

Siku ya kupimwa yenyewe, tafuta kwanza umri. Vipande vingi vya wazee wetu vimeandikwa tarehe mosi Januari, mwaka wa kubahatisha. Kaa naye usiku uliotangulia mhesabu kwa matukio, Uhuru 1963 alikuwa ameolewa? Mapembe ya pale Mapembeni yalipowekwa miaka ya 1950 alikuwa anatembea peke yake barabarani ama anabebwa? Utapata mwaka wa karibu na kweli kuliko kipande, na utapata stori ambazo hujawahi kuzisikia.

Dawa zote weka kwenye mfuko mmoja. Zote, za presha, za sukari, zile za maumivu alizopewa na jirani, mitishamba, na vile vidonge vya mafua na kuwashwa vinavyouzwa dukani, ambavyo vingine vinamchanganya mzee akili na kumtia usingizi na hakuna anayevihesabu kuwa ni dawa. Miwani avae. Masikio yatazamwe wiki moja kabla, nisikilize vizuri hapa, babu mmoja wa Mtongwe familia ilishasema ni dimenshia, ugonjwa wa kupoteza akili na kumbukumbu, imeisha hiyo, kila swali anajibu jengine, muuguzi wetu akatazama sikio akakuta nta imejaa kama mshumaa, ikalainishwa siku kadhaa kwa matone ikasafishwa kliniki. Wiki iliyofuata ananiuliza mimi kwa nini nampigia kelele. Usiichokoe mwenyewe kwa njiti lakini.

Kama damu itatolewa akiwa hajala na anatumia dawa ya sukari, uliza kabla dawa hiyo anywe ama asinywe, usikisie. Ramadhani omba siku nyengine kabisa, mtu amefunga, usiku hajalala, utampima nguvu gani? Na wewe ukikaa pembeni usimjibie, najua inauma kumuona mama anatafuta jina la mwezi halipati, lakini ukimrushia jibu umeharibu kipimo na umemuaibisha pia. Utaulizwa wewe kivyako baadae, chumba chengine, na maswali yako ni muhimu kuliko unavyodhani, mara nyingi ni "ukimlinganisha na alivyokuwa miaka kumi nyuma, anakumbuka mambo ya familia vipi?" Fikiria kabla.

Vipimo vya akili nina ugomvi navyo kidogo. Vingine vimetungwa kwa watu wa shule, toa saba kwenye mia, toa tena saba, andika sentensi. Bibi amehitimu chuoni, msahafu anausoma wote, lakini darasa la skuli hakuingia, unamtoa alama kumi bure. Ndio sababu kuna kipimo kinaitwa IDEA ambacho kimetengenezwa Hai kule Tanzania na kujaribiwa Nigeria pia, hakihitaji kusoma wala kuandika, unampa njiti za kiberiti apange umbo aliloliona, unamtajia maneno kumi ayarudie baadae, na unamwambia ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Sasa hapo kwenye wanyama, mvuvi mmoja mstaafu Likoni akaanza, changu, tafi, pono, tewa, kolekole, nguru, jodari, taa, papa, mkunga, na mwenzangu wa bara kalamu imesimama, ameandika "samaki" mara moja halafu mistari ya marudio. Kwa ile karatasi mzee alikuwa mgonjwa. Nikamwambia wewe kila mmoja hapo ni mnyama mbali, futa, andika upya, tukahesabu ishirini na mbili na mzee alikuwa bado hajamaliza. Kwa hivyo kama aliyewajia hajui Kiswahili cha hapa, omba mwengine. Unaruhusiwa.

Sasa wameondoka. Hapa ndipo kazi yenu inapoanza, na ndipo wengi wanaachia.

Nunua daftari la kurasa 96, andika jina la mzee juu, na kila miezi mitatu, sio kila wiki utamchosha, rudia vile vipimo ambavyo havihitaji mashine ya ajabu. Saa ile ile, sakafu ile ile, kiti kile kile. Mimi nafanya kwa halati yangu, dada yake mama, saa nne asubuhi baada ya chai, kiti chake cha mbao kisicho na mikono nimekiegemeza ukutani, manake mara ya kwanza nilitumia cha plastiki juu ya tailizi kikateleza, Mungu tu.

Mwendo, pima mita nne kwa futi, weka alama mbili za chaki, aanze hatua mbili nyuma ya alama na apitilize ya pili, mwendo wake wa kawaida wa kwenda dukani sio wa kushindana, wewe na stopwochi ya simu. Sekunde tano ama chini ni sawa. Zikizidi tano ni chini ya mita 0.8 kwa sekunde, na huo ndio mstari ambao watafiti wengi wanautumia kusema hapa patazamwe. Inaonekana kipimo cha kitoto, lakini kutembea kunataka moyo, mapafu, misuli, macho, masikio ya ndani na ubongo vifanye kazi pamoja, kimoja kikilegea mwendo ndio unasema wa kwanza.

Kiti, mikono akunje kifuani, asimame wima akae mara tano bila kupumzika. Zaidi ya sekunde 15 misuli imepungua nguvu, na asipoweza kabisa andika "hakuweza", usiandike sifuri. Ile mashine ya kukamua chuma kwa mkono, ya kupima nguvu za kiganja, hamtakuwa nayo nyumbani, lakini kama waliwaachia namba, mpaka wa kilo 27 kwa wanaume na 16 kwa wanawake ni wa Wazungu, usilie kwa kilo moja.

Uzito apimwe kwa nguo za aina moja, halati tunampima na leso sio na buibui, na mzani ule ule wa duka la dawa la mtaani. Akipungua kilo nne na nusu ndani ya mwaka na hakukusudia, hilo sio la kusubiri. Kupungua bila sababu, kuchoka kila saa, mkono kukosa nguvu, mwendo kuwa mzito na kutojishughulisha, hizo ni alama tano zilizowekwa na daktari wa Marekani Linda Fried na wenzake mwaka 2001, tatu zikikutana mzee amekuwa dhaifu kwa maana ya kitaalamu, moja ama mbili yuko njiani na njiani bado anarudishika kwa chakula chenye dengu, mayai, samaki, na mazoezi ya kuinuka kitini.

Presha akiwa amekaa dakika tano, halafu asimame, pima dakika ya kwanza na ya tatu. Ikishuka 20 ile ya juu ama 10 ile ya chini, peleka daftari kwa daktari, usimkatishe dawa wewe.

Ya akili usimpe maneno yale yale kila mara, atayakariri, halati ashanishinda hapo. Andika matukio. Tarehe na kilichotokea. Kusahau ulikoweka miwani, jina la mtu limekwama likaja jioni, kujifunza simu mpya polepole, haya andika lakini usipoteze usingizi. Ya kuandika kwa kalamu nyekundu ni kupotea kwenye njia ya nyumbani aliyoipita miaka arobaini, kumlipa muuza maziwa mara mbili kwa asubuhi moja, chungu kuungua mara tatu kwa mwezi, kushindwa kupika kitu alichokuwa akikipika amefumba macho, kumshuku mtu wa nyumbani kuwa mwizi ghafla. Moja ni tukio, mfululizo ni habari. Na furaha yake pia iandikwe, kama ameacha baraza, ameacha harusi, hacheki, huzuni ya mzee huvaa nguo za usahaulifu na ina dawa.

Haya yote ni ya miezi. Kikija kitu cha masaa au siku mbili, jana alikuwa mzima leo anaongea na watu wasiokuwepo, ama mdomo umepinda, mkono umelegea, maneno yanakatika, daftari lifunge, tuktuk, hospitali, saa ile ile. Kuchanganyikiwa kwa ghafla kwa mzee mara nyingi ni maambukizi ya mkojo, kichomi, malaria, maji kupungua mwilini ama dawa, na ule wa mdomo kupinda huenda ni kiharusi.

Ukimpeleka kliniki kwa ajili ya usahaulifu usikubali kurudi na "ni uzee mama" bila ya kupimwa vitamini B12 (hasa kama anakunywa metformin, dawa ya sukari, inaishusha), tezi ya shingo, sukari, masikio, macho, na orodha ya dawa kupitiwa. Jopo la wataalamu lililoandika kwenye jarida la Lancet mwaka 2024 lilihesabu mambo 14 yanayochangia dimenshia, kama presha, sukari, kutosikia, kutoona, upweke, sigara, kutofanya mazoezi, likasema karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani ingeweza kuzuiliwa ama kucheleweshwa kama yangeshughulikiwa. Sio yote, na usije ukajilaumu kwa mama yako kwa sababu hiyo, lakini nyingi ya hizo 14 zinapimika hapa hapa mjini.

Unapoingia kwa daktari usianze hadithi tangu Adam. Fungua ukurasa, mwambie Machi mita nne ilikuwa sekunde nne na nusu, Juni tano, Septemba saba, uzito umeshuka hivi, na chungu kimeungua tarehe hizi. Nimeona daktari aliyekuwa anaandika bila kuinua kichwa akaweka kalamu chini.

Na wale watu wa chuo kikuu wakirudi baada ya mwaka, ama miwili, kwa duru ya pili, waonyesheni daftari, watalililia. Wapelekeni duka la fotokopi wakatoe nakala kwa pesa zao. La asili linabaki kwenye kabati la mzee, pamoja na kipande.